Kuhudhuria Kongamano la Waandishi Mtandaoni Wakati wa Karantini: Maandalizi na Ushiriki

Baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima, makongamano ya waandishi yalianza kuhamia mtandaoni moja baada ya jingine. Mwezi huohuo mwandishi Zukiswa Wanner alianzisha Afrolit Sans Frontières, tamasha ambalo waandishi walisoma kazi zao na kujibu maswali mubashara wakiwa majumbani mwao. Mei likafuata Hay Festival, tamasha la fasihi la Wales. Mwishoni mwa Julai, CoNZealand, kongamano la dunia la bunilizi ya kisayansi, likafanyika bila ukumbi. Mwandishi ambaye asingepata nauli wala viza akajikuta anaweza kuingia kwenye warsha za mabara mengine.

Hata hivyo, wengi hujiandikisha, hukaa mbele ya skrini siku mbili bila kutia neno, kisha hutoka bila kumfahamu hata mtu mmoja. Faida ya kongamano iko katika kuulizana, kusomeana na kujuana, na hayo hayaji yenyewe mtu akiwa chumbani kwake. Maandalizi yote yanayofuata yana lengo moja: uwe tayari kuzungumza wakati wako ukifika.

Chagua vikao vichache

Pata ratiba nzima kwanza, kisha waulize waratibu mambo mawili: vikao vipi vitarekodiwa, na vipi ni webina na vipi ni mkutano wa kawaida. Kwenye webina mhudhuriaji haonekani wala hasikiki; anaandika maswali tu. Kwenye mkutano wa kawaida kila mtu ana kamera na maiki yake. Hotuba kuu na majopo mara nyingi huwa webina na hurekodiwa, kwa hiyo unaweza kuyatazama baadaye. Muda wa mubashara uutumie kwa warsha, vyumba vya vikundi, usomaji wa wazi na miadi ya wewe na mhariri peke yenu. Vikao viwili vya kushiriki kikamilifu kwa siku vinatosha, na cha tatu kiwe cha kusikiliza tu. Anayejaza siku nzima huwa hana nguvu ya kuuliza swali hata moja ikifika jioni.

Warsha hujaa mapema kwa sababu mwezeshaji hawezi kusoma miswada ya watu mia moja. Jiandikishe siku nafasi zinapofunguliwa. Kama ada inakushinda, waandikie waratibu barua fupi ya kuomba ufadhili au punguzo, useme wazi ni warsha ipi unayoitaka na kwa nini.

Saa

Hapa ndipo watu wengi hukosa vikao. Badili kila muda kwanza kwenda UTC (saa ya dunia inayotumika kama kipimo cha saa zote), ndipo uugeuze uwe saa za ulipo. New Zealand mwezi Julai iko UTC+12, yaani saa 12 mbele ya UTC, kwa hiyo kikao cha saa nne asubuhi kule humkuta mtu wa UTC+3, kama Afrika Mashariki, saa saba usiku. Marekani na Ulaya husogeza saa mbele na nyuma kwa tarehe tofauti: mwaka 2020 Marekani ilisogeza mbele tarehe 8 Machi na Ulaya tarehe 29 Machi, na kurudi nyuma ilikuwa 25 Oktoba kwa Ulaya, 1 Novemba kwa Marekani. Katika majuma hayo ya katikati, tofauti ya saa uliyoizoea huwa si sahihi. Kikao cha saa nne asubuhi New York kilianza saa kumi na mbili jioni kwa UTC+3 kabla ya 8 Machi, na saa kumi na moja jioni baada yake.

Ukiandika kwenye kalenda yako, andika tarakimu kama kompyuta inavyozionyesha na saa ya Kiswahili kando yake: 19:00, saa moja jioni. Weka kengele mbili, moja dakika 30 kabla na nyingine dakika 10 kabla.

Bando na mtandao

Kwenye Zoom, sauti peke yake hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, ambazo kwa saa nzima hazifiki megabaiti 40. Video ya kikundi yenye ubora mzuri huhitaji takriban megabiti 1.6 kwa sekunde, kutuma na kupokea kwa pamoja. Jumla yake kwa saa ni karibu megabaiti 700. Saa tano za kamera wazi zinakula takriban gigabaiti 3.5, na saa tano za sauti tupu hazifiki megabaiti 200. Ukijua hesabu hiyo, utaamua mapema kikao kipi kinastahili kamera.

Bando likiwa dogo, zima kamera yako kwenye vikao vya kusikiliza tu na uchague mwonekano wa msemaji mmoja badala ya ule wa picha nyingi ndogondogo. Kwenye simu, telezesha skrini ya kwanza kuelekea kulia upate hali ya udereva salama: picha zote huzimika na sauti hubaki. Kabla ya kikao zima pia masasisho ya kompyuta, upakiaji wa picha na programu zinazohifadhi mafaili mtandaoni, maana hizo hunyonya kasi kimyakimya.

Wakati wa karantini kila mtu yumo nyumbani, mmoja anasoma masomo yake, mwingine yuko kazini mtandaoni, watatu wanatazama video. Bandika ratiba yako mahali wote wanapopita na mkubaliane juu ya zile saa mbili ambazo mtandao ni wako. Tumia waya kutoka kwenye rauta kama upo. Kama haupo, sogea karibu na rauta, kwa kuwa kila ukuta unapunguza nguvu ya mawimbi. Chaji simu ijae na uijaribu mapema kama chanzo cha mtandao, ili umeme ukikatika uhamie huko bila kuhangaika.

Sasisha programu ya mkutano siku moja kabla. Zoom ililazimisha toleo la 5.0 kwa watumiaji wote baada ya tarehe 30 Mei 2020, na mwenye toleo la zamani alitakiwa kusasisha kwanza kabla ya kuingia, huku kikao kimeshaanza.

Sauti kuliko picha

Watu humvumilia mtu mwenye picha yenye ukungu. Sauti inayokwaruza hawaivumilii, na kwa mwandishi anayesoma kazi yake sauti ndiyo kila kitu.

Mwangwi hutokea sauti ya spika yako inapoingia tena kwenye maiki yako. Hedifoni huumaliza. Hutokea pia simu na kompyuta zikiwa ndani ya kikao kimoja katika chumba kimoja, kwa hiyo zima sauti na maiki ya kimojawapo. Hedifoni za waya zinaaminika zaidi, kwani zile za Bluetooth hupunguza ubora wa sauti maiki yake inapowashwa, na chaji yake huisha katikati ya sentensi. Kasoro ya zile za waya ni maiki ndogo iliyo kwenye uzi: inagusa kola au mkufu na kila ukitikisika wasikilizaji wanasikia mkwaruzo. Ibane kwenye nguo kwa kibanio, isiguse kitu.

Chumba chenye kuta tupu na sakafu ngumu huifanya sauti ivume. Tandika blanketi mezani, vuta pazia, au kaa ukielekea kabati la nguo lililofunguliwa. Nguo hunyonya mvumo vizuri kuliko unavyodhani. Kisha fungua zoom.us/test, ambako utaingia kwenye mkutano wa majaribio, usikie spika zako na ujisikie mwenyewe. Fanya hivyo ukiwa mahali uleule utakapokaa, saa ileile ya siku, kwa sababu mtaa una kelele tofauti asubuhi na jioni.

Kuhusu picha, inatosha kamera iwe usawa wa macho (weka vitabu chini ya kompyuta) na mwanga uwe mbele yako. Dirisha likiwa nyuma yako, utaonekana kivuli.

Kuingia kikaoni

Tafuta barua pepe yenye kiungo siku moja kabla, hata kwenye folda ya barua taka. Usikitume kiungo hicho kwa kundi wala kukiweka mitandaoni. Mwanzoni mwa 2020 wavamizi walivuruga mikutano mingi kwa kupata viungo vilivyoachwa wazi, ndiyo maana kuanzia Aprili mwaka huo nenosiri na chumba cha kusubiri vikawa mpangilio wa kawaida. Hakikisha jina linaloonekana ni lile ulilojiandikishia. Mratibu anayepitisha watu mia kutoka chumba cha kusubiri hatamfungulia mtu anayeonekana kwa jina la simu yake, "Galaxy A10".

Ingia dakika 10 kabla. Anayechelewa huenda asione gumzo lililoandikwa kabla hajaingia, na mara nyingi humo ndimo waratibu wameweka matini ya warsha.

Kabla ya kuandika, angalia ujumbe unakwenda kwa nani: kwa wote, au kwa mtu mmoja. Swali la jopo liweke kwenye sehemu ya maswali, kwa kuwa kwenye gumzo litazama chini ya salamu. Liwe sentensi moja au mbili, lianze na jambo lenyewe. "Msimulizi akiwa mtoto wa miaka saba, mnafanyaje ili asijue mambo yanayozidi umri wake?" ni swali linalojibika. Linaloanza na maelezo marefu ya riwaya yako halisomwi na mwongoza jopo mwenye dakika tano zilizosalia.

Ukipangwa kwenye chumba cha kikundi, kwa kawaida na watu watatu hadi sita, washa kamera hata kama bando ni dogo. Kimya cha mwanzo huwa kizito, na anayekivunja hukumbukwa. Taja jina lako, unachoandika sasa hivi, na jambo moja linalokusumbua katika kazi hiyo. Kisha mwulize mwenzako la kwake. Ukitaka kuzungumza kwa ufupi huku maiki imezimwa, bonyeza kitufe cha nafasi na ukishikilie. Ukikiachia, maiki inazimika tena.

Kusoma kazi yako

Ukipewa dakika 5, chukua maneno 450 hadi 550, kisha soma kwa sauti ukitumia saa ya kusimamisha. Ukifika dakika 4 na nusu, hapo ndipo pazuri. Nusu dakika iliyobaki ni ya kusalimu na kutaja kichwa cha kazi. Chagua kipande chenye wahusika wawili, wasizidi, maana msikilizaji hawezi kurudi ukurasa wa nyuma kutazama nani ni nani. Chapisha kwa herufi kubwa au fungua kwenye kifaa kingine, ili ujumbe unaochomoza kwenye skrini usikukate.

Uliza kwanza kama usomaji utarekodiwa na kuwekwa hadharani. Baadhi ya majarida huhesabu kazi iliyotoka hadharani kuwa imeshachapishwa na huikataa. Kama unakusudia kuipeleka huko, soma nyingine. Vivyo hivyo, usirekodi kikao bila ruhusa, na mswada wa mwenzako wa warsha usiusambaze.

Miadi na mhariri au wakala

Miadi hii ni mifupi, dakika 10 au pungufu, na mtandao utakula moja. Andaa maelezo ya sentensi tatu: mhusika, shida yake, na uamuzi unaomkabili. Mfano: "Ni riwaya ya maneno 70,000, imekamilika. Mkunga mstaafu anamtambua hakimu anayesikiliza kesi yake ya ardhi kuwa ndiye mtoto ambaye yeye mkunga alimwiba wodini miaka 30 iliyopita. Akikiri atafungwa, asipokiri, mama mzazi, ambaye sasa ni jirani yake, atakufa bila kumwona mwanawe." Halafu nyamaza umwache aulize. Kuchelewa kwa sauti mtandaoni huwafanya watu wakatane maneno, kwa hiyo hesabu moja, mbili, kabla ya kujibu. Muhtasari wa ukurasa mmoja na kurasa 10 za mwanzo ziwe tayari katika PDF, lakini usizitume mpaka uombwe.

Uchovu

Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza sababu nne za uchovu wa mikutano ya video: macho ya watu wengi kukukazia kwa karibu, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa mahali pamoja, na akili kufanya kazi ya ziada ya kusoma ishara za watu. Tiba yake ni rahisi. Ficha picha yako kwenye skrini yako tu, wengine wataendelea kukuona. Punguza ukubwa wa dirisha. Wakati wa mapumziko inuka, utazame mbali, na usifungue mitandao ya kijamii.

Baada ya kikao

Hifadhi gumzo kabla ya kubonyeza kitufe cha kutoka, kwa sababu ukishatoka huenda usilipate tena. Andika jioni hiyohiyo majina ya watu watatu uliopenda mawazo yao na walichosema. Waandikie ndani ya siku tatu, ukitaja kikao na neno walilosema. Mkielewana kuunda kikundi cha kusomeana, kumbukeni kwamba akaunti ya bure ya Zoom hukatisha mkutano baada ya dakika 40. Wasomaji wawili kwa kila mkutano, dakika 20 kila mmoja pamoja na maoni, wanaenea humo.

Rekodi za vikao huondolewa baada ya muda uliotangazwa. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda na utazame vile ulivyoviacha. Mhariri aliyeomba kurasa zako atumiwe baada ya kuzipitia mara moja tena, ndani ya wiki moja, na mada ya barua itaje jina la kongamano, tarehe ya miadi na kichwa cha mswada.