Tovuti ikikataa kufunguka: anza na saa, ndipo uguse mipangilio

Tovuti ya kuombea mkopo au ajira ikigoma, wengi huzima ulinzi wote wa kivinjari mara moja. Hapo unaacha mlango wazi kwa ajili ya mgeni mmoja. Soma kwanza ule mstari wa herufi kubwa chini ya onyo, kwa kuwa ndio unaotaja ugonjwa.

Ukiona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, tazama saa ya kompyuta. Kila tovuti ya https ina cheti (hati ya kidijitali ya kuthibitisha kuwa tovuti ni yenyewe) chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kivinjari hukilinganisha na saa ya mashine yako. Kwenye steshenari nyingi za Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, kuna kompyuta za mezani kuukuu ambazo betri ndogo ya ubaoni, inayotunza saa, imeshakufa. Umeme ukikatika, mashine inarudi miaka kadhaa nyuma, na kwake kila cheti ni cha siku ambazo bado hazijafika.

Bofya saa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia “Adjust date and time”, chagua ukanda wa UTC+03:00 wenye jina la Nairobi (Dar es Salaam usiitafute, ukanda wetu umeandikwa hivyo), kisha bonyeza “Sync now”. Ukiweka kwa mkono, kumbuka kompyuta haijui saa za Kiswahili: saa tatu asubuhi ni 9:00 AM. Ukiandika 3:00 umekosea saa sita. Tovuti nyingi zitafunguka hivyo hivyo, ila cheti kilichotolewa leo kinaweza kukataliwa, na namba za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30 zitagoma kama programu inayozitoa iko kwenye mashine hiyo hiyo.

Saa ikipotea tena baada ya umeme kukatika, badilisha betri. Mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, ile bapa kama sarafu. Mafundi saa wengi wanayo. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache, fungua ubavu, sukuma kibanio kwa ukucha, si kwa bisibisi. Upande wenye alama ya + utazame juu. Kwenye laptop betri hii mara nyingi ina waya wake, hiyo mpelekee fundi.

ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID maana yake cheti kina jina jingine. Jaribu kuongeza www. mwanzoni mwa anwani, au kuiondoa kama ipo. Wakati mwingine inatosha.

Firefox ikiandika kwamba “secure site” haipatikani, kwa kawaida tovuti haina https na wewe umewasha hali ya HTTPS-Only, inayokubali tovuti za https peke yake. Kama unasoma tangazo tu, bonyeza kitufe cha kuendelea. Nywila au namba ya NIDA usiandike humo hata siku moja.

Kuna ugomvi wa kimya zaidi: ukurasa unafunguka, lakini kitufe cha kutuma kimekufa, picha za kuthibitisha kuwa wewe si roboti hazitokei, au risiti yenye kontrol namba haiji. Risiti mara nyingi ni dirisha jipya lililozuiwa. Tazama alama ndogo mwisho wa upau wa anwani, uiruhusu. Kwa mengine, bonyeza ngao iliyo karibu na anwani (Firefox na Brave wanayo) uzime ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake. Bado? Fungua dirisha la faragha, Ctrl+Shift+N kwenye Chrome. Likifanya kazi, mchawi ni kiendelezi (extension) cha kuzuia matangazo au vidakuzi (cookies) vya zamani. Futa vidakuzi vya tovuti hiyo tu. Ukifuta vyote utajikuta nje ya akaunti zako zote.

Mashine ya Windows 7 ni kesi nyingine. Chrome yake iliishia toleo la 109, na orodha ya watoa vyeti kwenye mashine hiyo inaweza kuwa imezeeka. Jaribu Firefox 115 ESR, inayobeba orodha yake yenyewe.

ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID ukiwa kwenye wifi ya gesti mara nyingi ni ukurasa wa kuingilia unaosubiri ujisajili. Andika http://neverssl.com, utajitokeza. Kama hautokei na onyo linabaki, usiendelee. Onyo lisilo na kitufe cha kupita nalo limewekwa hivyo makusudi. Zile mbinu za kuandika neno fulani kwenye ukurasa wa onyo ili uvuke zinaficha onyo tu, hatari inabaki palepale.

Mwisho jaribu kwa simu yenye bando. Nayo ikitoa kosa lile lile la tarehe, cheti cha mwenye tovuti ndicho kilichokwisha. Piga picha ya skrini inayoonyesha anwani na saa, mtumie.