Mshubiri katika bustani kavu ya Malindi: tuta lisilotuamisha maji

Wengi wanaopoteza mishubiri Malindi huipoteza mwezi wa Mei. Masika yamekolea, mizizi inalowa siku nenda siku rudi, mmea unaoza kuanzia chini. Jua la Januari hadi Machi huukondesha tu, na mvua ikirudi majani hujaa tena. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya udongo na msimu. Kumwagilia kuna maneno machache.

Hatua ya 1: Pima udongo unavyokunywa maji

Karibu na bahari pana mwamba wa matumbawe wenye udongo mwembamba wa chokaa juu yake. Ukielekea Magarini unakuta mchanga mwekundu. Mchanga mwekundu kwa kawaida hupitisha maji vizuri. Penye mwamba mambo hutofautiana hata ndani ya kiwanja kimoja: hapa maji yanapenya nyufani, hatua tano mbele yanatuama.

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana uo huo. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze mara ya pili. Pimia mara hiyo ya pili, kwa kuwa udongo mkavu hufyonza upesi mwanzoni na kukudanganya. Yakiisha ndani ya saa moja, panda ardhini moja kwa moja. Yakichelewa zaidi ya hapo, inua tuta.

Chagua mahali panapopata jua angalau saa sita kwa siku. Kama uko karibu na ufuo, weka ukuta, ua au mstari wa mivinje upande wa kusini, maana kusi hubeba rasharasha za maji ya chumvi zinazounguza ncha za majani.

Hatua ya 2: Chagua aina, na uipate kwa halali

Ukitaka utomvu laini wa ngozi na nywele, panda Aloe vera, yenye maua ya manjano. Hutoa machipukizi mengi, kwa hiyo miche haikosekani kwa majirani. Aloe secundiflora ni mzaliwa wa nyika za Afrika Mashariki. Mara nyingi husimama peke yake bila kutoa watoto, na huzalishwa kwa mbegu. Aloe kilifiensis ni wa pwani hii hii, mdogo kiasi, na maua yake huwaita ndege wa chozi bustanini. Kwa bustani ya kutazamwa tungeanza na huyo.

Usiende kuchimba mishubiri porini. Kenya ina kanuni za mwaka 2007 zinazosimamia mishubiri ya asili, na mkataba wa CITES, wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, unadhibiti biashara ya kimataifa ya mishubiri yote isipokuwa Aloe vera. Nunua kwenye kitalu, na uulize miche imetoka wapi.

Hatua ya 3: Changanya udongo wa tuta

Tuta la mita 2 kwa mita 1, lenye kimo cha sentimita 30, huchukua kama madebe 30 ya lita 20. Changanya hivi:

- madebe 12 ya udongo mwekundu;
- madebe 9 ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa;
- madebe 6 ya kokoto ndogo au vigae vilivyopondwa;
- madebe 3 ya mboji iliyoiva kabisa.

Mchanga wa ufuoni una chumvi, uache huko huko. Samadi mbichi nayo hapana: hunenepesha majani kwa haraka, yakawa laini na rahisi kuoza. Mboji usiipunguze kama udongo wako ni wa chokaa. Chokaa hufunga madini ya chuma, na dalili yake ni majani machanga kugeuka manjano wakati yale ya zamani bado ni kijani.

Chini ya tuta tifua ardhi ya zamani kwa jembe kabla ya kumwaga mchanganyiko, ili maji yasisimame pale udongo mpya unapokutana na ule mgumu. Juu lipe tuta mgongo kidogo, katikati kuwe juu kuliko kingo.

Hatua ya 4: Tenga machipukizi na uyakaushe

Msimu mzuri ni Agosti na Septemba. Mvua kubwa zimepita, jua kali bado, na vuli itaikuta mizizi imeshashika. Chukua chipukizi la sentimita 15 hadi 20 lenye mizizi yake. Fukua pembeni, tafuta linapoungana na mama, likate kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti. Maji ya manjano yanayotoka ndiyo shubiri yenyewe: hutia doa nguoni na huendesha tumbo, basi watoto wasiyachezee.

Sasa liweke kivulini, juu ya gunia kavu, siku tano hadi saba. Wengi huiruka hatua hii kwa huruma, wakidhani mche utakufa kwa kiu. Hautakufa, maji umeyabeba majanini. Jeraha bichi likifukiwa kwenye udongo wenye unyevu ndilo mlango wa kuvu.

Hatua ya 5: Panda

Weka nafasi ya sentimita 50 kati ya mche na mche. Tuta hilo litabeba minane. Fukia mizizi na shina peke yake. Jani la chini kabisa lisiguse udongo. Tandaza kokoto unene wa sentimita 3. Makuti na makumbi yanafaa kwa mimea mingine, lakini hapa hushika unyevu shingoni mwa mche na kuita mchwa.

Miche iliyotoka kivulini ifunike kwa kuti moja jepesi kwa wiki mbili, isije ikaungua na jua la ghafla.

Hatua ya 6: Maji

Usimwagilie wiki ya kwanza. Baadaye mpe kila mche lita moja kila baada ya siku kumi, kwa miezi miwili, ukimimina udongoni na si katikati ya majani. Mmea ukishashika, kiangazi chote unatosheka na maji mara moja kila wiki mbili au tatu. Masika, acha kabisa.

Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Ukiona ukungu mweupe umeganda juu ya udongo, chumvi imelundikana: siku udongo ukiwa mkavu, mimina maji mengi ya mvua kutoka kwenye tangi ili yaisukume chini, kisha acha udongo ukauke.

Kabla ya masika chimba mfereji wa sentimita 15 kuzunguka tuta, utoke upande wenye mteremko. Ondoa majani yaliyokauka, na okota konokono jioni.

Hatua ya 7: Soma majani

Majani yakiwa membamba na yamejikunja kama mfereji, mmea una kiu. Yakigeuka mekundu-kahawia lakini ni magumu, ni jua kali au ukame. Hauumwi, na rangi hurudi.

Majani laini, yenye majimaji na kama kioo karibu na shina ni kuoza. Ng'oa siku hiyo hiyo. Kata mpaka ufikie nyama nyeupe isiyo na doa, kausha wiki nzima kivulini, panda mahali papya. Kama doa limefika kwenye kiini, tupa mmea mbali na bustani.

Magamba meupe yaliyoganda majanini ni wadudu. Yasugue kwa mswaki na maji yenye kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita, jioni, na urudie baada ya wiki. Vinundu vilivyofura ovyo kwenye majani au maua husababishwa na utitiri usioonekana kwa macho: kata sehemu yote, choma moto, osha kisu kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine.

Hatua ya 8: Kuvuna na kupunguza

Subiri mmea ufikishe mwaka. Kata majani mawili au matatu ya nje kwa wakati mmoja, na uyasimamishe ndani ya kopo kwa dakika kumi na tano, upande uliokatwa ukielekea chini, maji ya manjano yachuruzike kabla hujachukua utomvu. Kila Agosti toa machipukizi yaliyojazana chini ya mama. Yakibanana hewa haipiti, na magamba meupe huanzia hapo.