Skuta ya umeme kwenye bustani za burudani: mwongozo kwa mwenye ugonjwa usioonekana

Picha ilipofika Ujiji, shangazi alinipigia simu papo hapo. Shikamoo yangu aliiitikia juu juu, akauliza, "Mwanangu, miguu imekuwaje?" Katika picha ile nimekaa juu ya skuta ya umeme ya magurudumu manne, ile ya kukalia ya wenye shida ya kutembea, nyuma yangu kasri la bustani ya burudani ya Disney kule Florida, Marekani, watoto wamesimama kulia na kushoto. Kabla hajanipigia mimi alikuwa ameshawapigia ndugu wa Mwanga na wa Kasulu. Kwake, mtu akikalia chombo kile basi habari ya kutembea imekwisha.

Natembea. Nina selimundu tangu kuzaliwa, na kichwa cha mfupa wa paja la kushoto, pale unapoingia kwenye nyonga, kimeanza kufa kwa kukosa damu. Ukinikuta soko la Mwanga nachagua migebuka hutaona kasoro yoyote. Lakini nikitembea dakika 20 mfululizo nyonga inaanza kuwaka, na nikipitiliza hapo, usiku wake hakuna kulala, na mara nyingine naishia kitanda cha hospitali. Huo ndio ulemavu usioonekana. Wapo wenye moyo uliochoka, wenye lupasi, wenye baridi yabisi, wenye mgongo uliopasuliwa, wenye mapafu yaliyobaki na makovu. Wakivaa vizuri na kutabasamu, nani atajua?

Niko likizo Kigoma mwezi huu. Mbali na shangazi, kuna wenzetu walioko Marekani na Ulaya ambao wameniuliza nilifanyaje. Nawajibu hapa kwa pamoja.

Tuanze na umbali, maana ndio unaotudanganya. Siku nzima kwenye bustani kubwa ya burudani mtu huweza kutembea kilomita 10 hadi 15. Ni kama utoke stesheni ya Kigoma kwa miguu hadi Ujiji kisha urudi, tena ukisimama kwenye foleni njiani, juani. Pale EPCOT, bustani nyingine ya Disney huko Florida, kulizunguka ziwa la katikati peke yake ni karibu kilomita 2, na hujaingia popote. Usijipime kwa kusema "mbona sokoni naenda." Sokoni unakwenda saa moja, unarudi, unajilaza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusubiri. Safari ya kwanza, kwenye bustani ambayo sitaitaja, nilijiambia nitakodi skuta nikishaanza kuumia. Saa nane mchana nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa njia, mume wangu anakimbia kwenda kwenye dirisha la kukodisha, anarudi mikono mitupu. Zilikuwa zimekwisha tangu asubuhi. Tuliondoka watoto wakilia. Skuta inakaliwa asubuhi ukiwa mzima, ili jioni uwe bado mzima. Maumivu ya selimundu yakishaamka hayarudi kulala kwa sababu tu umepata kiti.

Kukodi kuna njia mbili. Ya kwanza ni ndani ya bustani yenyewe. Disney, kwa mfano, hawapokei oda ya mapema: anayewahi ndiye anayepata, aendeshaye awe na miaka 18 au zaidi, na skuta haitoki nje ya geti. Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza watu, kwa sababu kutoka maegesho au kituo cha basi hadi getini ni miguu yako, na usiku, ukiwa umechoka, ni miguu yako tena. Njia ya pili ni kampuni za nje, ambazo kuzunguka Orlando, mji wa Florida ulio karibu na bustani hizo, ni nyingi, zinazokuletea skuta hotelini ukakaa nayo siku zote za safari. Mimi nachagua hii ya pili bila kusita. Unaichaji chumbani usiku, unaitumia hata kwenda kula, na mabasi ya Disney yana njia ya kupandishia. Unapopiga simu, uliza inabeba uzito wa kilo ngapi, betri ikijaa inakwenda umbali gani, kipande kizito kuliko vyote kina kilo ngapi kama itabidi uifungue vipande uiweke kwenye buti la gari, na ikizimika katikati ya siku nani anakuja.

Wengi wananiuliza kama watadaiwa barua ya daktari. Marekani, kukodi skuta hakuhitaji barua. Sheria ya Wamarekani wenye ulemavu ya mwaka 1990, pamoja na kanuni zake zilizoanza kutumika 2011, inakihesabu chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wenye shida ya kutembea sawasawa na kiti cha magurudumu, na mfanyakazi haruhusiwi kukuhoji unaumwa nini. Kuna dada mmoja aliogopa kwamba akikodi ataandikishwa mahali kama mtu anayetegemea serikali. Dada, ni biashara. Unalipa, unapewa ufunguo, kama unavyokodi baiskeli.

Foleni za kupanda michezo, yaani vigari na mabembea ya bustani, ni habari nyingine, na hapa watu hupoteza hela na hasira. Skuta haikupeleki mbele ya watu. Florida, foleni nyingi zimejengwa kwa upana wa kutosha na utapita humo humo na skuta yako pamoja na wengine. Disneyland ya California, iliyofunguliwa 1955, ina foleni za zamani zenye kona finyu, kwa hiyo penye kona hizo hupewa saa ya kurudi. Disney wana huduma tofauti inayoitwa Disability Access Service, ya kupewa saa ya kurudi badala ya kusimama kwenye foleni, iliyoanza 2013. Mwaka 2024 waliibana: sasa imekusudiwa hasa watu wenye usonji au hali inayofanana nayo, ambao hawawezi kustahimili foleni kwa muda mrefu. Unazungumza na mfanyakazi kwa video kabla ya safari. Ukiona hali yako haimo, usitunge maneno. Wameonya kwamba anayedanganya anaweza kufungiwa moja kwa moja.

Ulaya karatasi zinatakiwa zaidi. Disneyland Paris wana kadi ya kipaumbele, nao huomba hati za kuthibitisha. Uingereza, bustani ya Alton Towers wana kibali cha Ride Access Pass, cha wasioweza kusimama foleni ya kawaida, ambacho pia huombwa kwa nyaraka, na jueni kwamba eneo lile lina milima, betri inaliwa haraka. Mlioko Ujerumani, kama mna kitambulisho cha ulemavu chenye herufi B, maana yake mnaruhusiwa kuwa na msindikizaji, na bustani nyingi humpa msindikizaji huyo nafuu ya tiketi au humwingiza bure. Beba kitambulisho chenyewe, si picha kwenye simu.

Sasa kuiendesha, maana hili hakuna aliyenifundisha. Mbele yako kuna kitufe cha kuzungusha cha mwendo. Upande mmoja kimechorwa kobe, upande wa pili sungura. Watoto wangu walicheka mpaka wakakaa chini. Kaa kwenye kobe saa nzima ya kwanza. Breki ya mguu haipo: unabonyeza kishikio kidogo chini ya usukani kwenda, ukikiachia inasimama yenyewe. Mtu akishtuka hukaza mkono badala ya kuachia, na ndivyo visigino vya watu vinavyogongwa. Fanya mazoezi ya kuachia, tena na tena, mahali peupe. Nyuma, karibu na magurudumu, kuna kishikio kingine cha kuiweka nyutro ili isukumwe. Usikiguse ukiwa kwenye mteremko, kwa sababu breki hufunguka na chombo kinaondoka na wewe.

Nguo. Akina dada wenzangu, dera liacheni hotelini. Siku ya pili upindo wa dera langu ulijiviringisha kwenye gurudumu la nyuma katikati ya njia, nikabaki nimevutwa upande mmoja kama mbuzi aliyenaswa kamba. Mume wangu aliiweka nyutro, akairudisha nyuma kidogo kidogo mpaka kitambaa kikatoka, kimechanika na kujaa grisi. Tangu siku hiyo navaa suruali pana, na kanga naikunja kapuni. Kanga bado ni lazima: unatoka kwenye joto la Florida unaingia jengo lenye kiyoyozi kikali, na mabadiliko hayo ya ghafla ni adui wa mwenye selimundu.

Kapuni humo weka pia mfuko mkubwa wa plastiki. Mvua za mchana za majira ya joto kule zinashuka bila taarifa, na kinachotakiwa kufunikwa kwanza ni usukani wenye swichi. Funga kipande cha kitenge mahali kinapoonekana. Nje ya kila mchezo utakuta skuta 30 zinazofanana, wafanyakazi huzisogeza, na funguo za aina moja mara nyingi zinaingiliana. Kitenge chekundu cha Kigoma hakikunipotea hata mara moja.

Kuhusu macho ya watu nitasema zaidi kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Utafika kwenye mchezo, utasimama, utapiga hatua kumi kuingia kwenye kiti. Mtu mmoja atasema kwa sauti, "Si anatembea huyu!" Nilisemwa hivyo mbele ya binti yangu wa miaka tisa. Damu ilinipanda, nikaanza kumweleza yule bwana habari ya nyonga na damu, naye hata hakusikiliza. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka kuliko kama ningetembea. Binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani lazima umwambie?" Sasa kwa mgeni nasema sentensi moja tu, kwamba naweza hatua chache, siwezi siku nzima, kisha naendelea na safari yangu. Kwa mfanyakazi nasema ninachohitaji: "Nahitaji muda kidogo wa kushuka," au "Siwezi ngazi." Jina la ugonjwa halimsaidii chochote. Wapo wanaovaa utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, alama iliyoanzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 kwa ajili ya ulemavu usioonekana. Unawajulisha wafanyakazi waliofunzwa kwamba huenda ukahitaji msaada. Haukupi haki mpya, lakini kwenye viwanja vya ndege utepe huo umenisaidia sana.

Wenye selimundu wenzangu, maji. Ukikaa kwenye skuta hutoki jasho jingi la kukukumbusha kunywa, kwa hiyo weka kengele ya simu. Kwenye migahawa ya haraka ya Disney inayouza soda za bomba, ukiomba kikombe cha maji ya barafu unapewa bure; mwambie asiweke barafu. Ile michezo ya kuloweshwa iacheni. Kila bustani ya Disney ina kituo cha huduma ya kwanza chenye kitanda cha kujinyoosha, kwa hiyo kiulizie kilipo asubuhi, kabla hujakihitaji. Dawa zikae kwenye chupa zake zenye jina lako. Na kama mgonjwa ni mtoto, hataruhusiwa kuendesha skuta, lakini kigari cha kusukuma cha mtoto kinaweza kupewa alama ya kukihesabu kama kiti cha magurudumu hata kama mtoto ni mkubwa kidogo. Ombeni ofisi ya wageni mkiingia tu.

Wazee wanaotutembelea ni kazi nyingine. Mama yangu alipokuja kutoka Kigoma na magoti yake, alikataa katakata: "Mimi si kiwete." Sikubishana naye. Tulikuwa tumekaa kivulini, akamwona bibi mmoja anasimamisha skuta, anashuka, anaingia dukani kwa miguu yake, anatoka na ice cream, anapanda tena. Mama akasema, "Kumbe unashuka?" Kesho yake alikodi ya kwake, akaenda nayo kwa mwendo wa kobe mpaka fataki za usiku. Kwa hiyo neno ulemavu msilianze nao. Mwambieni ni usafiri, na mwonyesheni anayeshuka.

Mnaofikiria kununua skuta na kuja nayo nyumbani, angalieni betri kwanza. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa juu yake: volti 24 mara 12 ni wati-saa 288. Kwa skuta ya kukunja yenye betri ya lithiamu ya kuchomoa, mwisho unaoruhusiwa kwenye ndege ni wati-saa 300. Betri unaichomoa unaingia nayo ndani, haiwekwi kwenye mizigo. Mwarifu shirika la ndege saa 48 kabla, na umwambie safari yote hadi Kigoma, si hadi Dar es Salaam tu, kwa sababu kipande cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Chaja iwe imeandikwa volti 100 hadi 240, la sivyo umeme wetu wa 230 utaiunguza.

Mimi yangu sikuileta. Mchanga wa Ujiji utaimeza mpaka ekseli, na mitaro ya Mwanga haina pa kuvukia magurudumu madogo kama yale. Hapa nina dereva wangu wa bajaji. Ananisubiri nje ya soko injini imezimwa, na sasa hivi anapiga honi, shangazi ameshakaa ndani na kikapu chake cha dagaa.