Kaa na mmea mmoja: kupiga picha za karibu za wadudu na maua, Kakamega

Watu wakisikia natoka Kakamega, magharibi mwa Kenya, kwenye msitu maarufu wa jina hilo, hudhani picha zangu za vipepeo nazipiga msituni. Msitu naupenda, lakini picha ninazozithamini zaidi nimezipigia nyumbani Lurambi, hapa hapa Kakamega, nyuma ya jikoni, kwenye mitoo, kunde, maboga na mlimau mmoja. Msituni kipepeo anapita juu kwa juu na huna namna ya kujua kama atarudi. Bustanini unarudi kesho, maua yako palepale, na mdudu aliyeyazoea naye anakuja. Ndiyo maana kabla hujanunua kifaa chochote nakushauri uchague mmea mmoja uwajue wageni wake.

Mimi ningeanza na mitoo, au miro, mboga yetu ya kienyeji. Wengi huuchuma majani tu, lakini ukiachiwa utoe maua, maua yake ya manjano humvuta yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Akitua, uzito wake hukandamiza petali za chini, na chavua husukumwa nje kupitia ncha ya petali hizo na kumpaka tumboni. Hilo hutokea kufumba na kufumbua na limekwisha. Ukimfukuza na kamera kutoka ua hadi ua hutalipata. Mtazame kwanza. Kwenye tawi moja la mitoo maua hufunguka kuanzia chini kwenda juu, na nyuki huyu mara nyingi huanza ya chini akapanda. Basi weka fokasi kwenye ua ambalo bado hajalifikia, shika pumzi, umngoje hapo.

Saa ya kwenda ni alfajiri. Huku karibu na ikweta jua huchomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi mwaka mzima, na Kakamega asubuhi ina baridi na umande. Mdudu hawezi kuruka kabla mwili wake haujapata joto, kwa hiyo muda huo unaweza kumsogelea mpaka lenzi ikakaribia kumgusa. Kagua chini ya majani, utakuta vipepeo wamekunja mabawa. Kagua pia vijiti vikavu: wapo nyuki wasioishi mzingani, ambao madume hulala nje wameuma kijiti kwa taya, mwili ukining'inia. Hiyo ni picha ambayo mtu anayeamka saa tatu haioni maisha yake yote. Jua likishawaka vizuri kila mtu amesharuka, na mchana mvua ya kwetu huanza kukusanyika.

Kuhusu vifaa, simu inatosha kwa kuanzia. Simu nyingi za bei nafuu zina kamera ndogo ya ziada iliyoandikwa "macro", nyingi zikiwa na megapikseli 2 tu. Iache. Tumia kamera kuu na ubanie juu yake lenzi ndogo ya kukuza. Bonyeza kioo kwa muda ili fokasi ijifunge, kisha songa wewe mwenyewe mbele na nyuma kidogo kidogo huku ukipiga picha mfululizo. Viwiko viegemeze magotini au ardhini. Tandika gunia, na kabla hujapiga magoti hakikisha siafu hawapiti hapo!

Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi asikimbilie lenzi ya bei kubwa. Tafuta lenzi ya zamani ya milimita 50, ile yenye ringi ya kufungulia kwa mkono tundu la kupitisha mwanga, pamoja na ringi ya kuifunga kinyumenyume kwenye kamera. Nairobi, mtaa wa Luthuli na vichochoro vyake, vitu vya namna hii huulizwa. Ukiifunga lenzi kinyumenyume, mdudu wa sentimita 2 atachukua sehemu kubwa ya picha. Lenzi za kisasa zisizo na ringi hiyo zinasumbua, kwa sababu tundu lao linaendeshwa na kamera yenyewe, na ukizigeuza mawasiliano yanakatika.

Sasa ugumu wenyewe. Kwa ukaribu huo, sehemu inayoonekana kali ni nyembamba mno, milimita moja au pungufu, hata ukiweka tundu kwenye f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Ukiendelea kuziba tundu kupita f/16 unapata kina zaidi, lakini picha nzima inaanza kulainika. Mimi hubaki f/8 au f/11 na kuchagua kitu kimoja kiwe kikali, nacho ni jicho. Bawa lililofifia msomaji atakusamehe. Jicho likififia, hiyo picha ifute. Ukitaka bawa zima na jicho pamoja, panga uso wa lenzi uwe sambamba na bawa.

Tundu likizibwa mwanga hupungua, ndipo flashi inapohitajika. Flashi tupu humfanya mbawakawa mweusi aonekane na doa jeupe mgongoni na rangi yake yote ipotee. Kata kipande cha mtungi mweupe wa mafuta ya kupikia, ukiinamishe mbele ya flashi, uongeze tishu kwa ndani. Weka kasi ya shata 1/160 au 1/200 ya sekunde. Upepo nao ni adui: chomeka kijiti ardhini na ushikize shina kwa kibanio cha nguo, bila kulivunja.

Mlimau nimeuweka mwisho kwa sababu unataka subira. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu hutaga mayai moja moja kwenye majani machanga. Kiwavi wake akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, na baadaye hugeuka kijani. Akisumbuliwa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya machungwa, zenye harufu kali. Usimchokoze ili upate picha hiyo. Piga kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa wa jani, na utafute kichwa chenyewe, ambacho ni kidogo na kimejificha mbele kabisa.

Wapo wanaowatia wadudu kwenye friji ili watulie. Mimi sikubali hata kidogo. Alfajiri inakupa utulivu uleule bure, na mdudu anabaki kwenye ua lake.

Bustani ikiwa ya jirani, piga hodi. "Mulembe, mama. Naomba kupiga picha kwenye mitoo yako." "Picha za majani?" "Za nyuki, mama." Atashangaa, kisha atakuonyesha mahali wanapojaa. Muulize pia kama amepuliza dawa wiki hiyo. Kama amepuliza, usiguse majani, na wadudu wenyewe utawakuta wachache.

Ukifika nyumbani, usizidishe rangi. Kwa kila mdudu bakisha picha tatu: ya juu, ya ubavuni, na moja ya mbali inayoonyesha ua na majani. Andika tarehe, mahali na jina la mmea, kisha uziweke kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako wanaowajua wadudu husaidia kuwatambua. Picha ya jicho peke yake, hata iwe kali namna gani, mara nyingi haitoshi kumtambua.