Namna ya Kumbeba, Kumchana na Kumtunza Maine Coon

Paka wa kawaida wa mtaani Dar es Salaam au Mombasa ana kilo 3 au 4. Maine Coon ni aina ya paka mkubwa: dume aliyekomaa ana kilo 6 hadi 8, wengine huvuka hapo, na ukimpima kutoka puani hadi ncha ya mkia anakaribia mita moja. Asili yake ni jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye theluji. Mwaka 1985 jimbo hilo lilimfanya kuwa paka wake rasmi.

Ni mpole mno, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Paka mkali akibebwa vibaya anakuparura palepale, nawe unajua umekosea. Maine Coon hunyamaza. Anaweza kuvumilia nyonga inayouma au fundo la manyoya linalovuta ngozi kwa wiki nzima, asilie. Usingoje akuonyeshe, mkague wewe.

Kumbeba

Chuchumaa ubavuni mwake, usimwinamie kutoka juu. Mwache anuse vidole vyako. Pitisha mkono mmoja chini ya kifua, kiganja kikae nyuma tu ya miguu ya mbele. Mkono wa pili ukusanye makalio na miguu ya nyuma kwa pamoja. Mvutie kifuani kwako kwanza, ndipo usimame kwa nguvu za miguu yako. Uzito ukae kwenye mkono wa nyuma. Ule wa mbele unamzuia asiyumbe tu.

Ukimwacha aning'inie, kilo zote zinavuta mgongo na nyonga, na aina hii inajulikana kwa nyonga ambazo fupa la paja halikai sawasawa kwenye kikombe chake. Tena akihisi hana pa kukanyaga atakwea begani kwako kwa kucha. Hapo hana ubaya wowote, anaogopa kuanguka. Kumshika kwa ngozi ya shingo pia acha kabisa: mama paka hubeba hivyo vitoto vya gramu mia chache, si mnyama wa kilo 7.

Kumshusha, teremka naye mpaka miguu yote minne iguse sakafu, ndipo uachie. Mtoto mdogo asimwinue; akae chini, paka aje mwenyewe mapajani.

Mkia ukianza kupiga huku na huku, ngozi ya mgongo ikichezacheza, au masikio yakigeukia ubavuni, acha unachofanya. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama tundu ni dogo. Meno ya paka ni membamba: yanapeleka vijidudu ndani kabisa, halafu ngozi inafunga juu. Tena kwetu kichaa cha mbwa bado kipo, kwa hiyo paka apate chanjo yake ya kwanza akifikisha wiki 12, arudiwe baada ya mwaka, kisha kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Manyoya

Hii ndiyo kazi kubwa. Ana tabaka mbili: manyoya marefu ya juu yanayosukuma maji, na sufi laini ya chini. Sufi ikinyonyoka haidondoki yote. Inanasa katikati ya manyoya yaliyo hai, inasokotana, na fundo linazaliwa. Brashi laini inapita juujuu na kuacha paka anang'aa, huku chini kumeshikana kama mkeka. Tumia chanuo la chuma: upande wa meno mapana kwanza, kisha yaliyobanana.

Mchane mara tatu kwa wiki, dakika 10 zinatosha. Anza shingoni na mgongoni, anakopenda, kisha nenda kwapani, tumboni, kwenye kinena na "suruali" ya mapajani. Kwapa ndilo hatari zaidi kwa sababu kila hatua inasugua pale. Ingiza ncha za vidole mpaka uguse ngozi: pakiwa salama, vidole vinateleza, pakiwa na fundo, utahisi kitu kigumu kama kokwa la tende.

Fundo dogo linyunyizie kidogo wanga wa mahindi (cornflour, si unga wa ugali) usio na harufu, shika manyoya kati ya fundo na ngozi ili usimvute, kisha fumua kutoka ncha za nje ukielekea ndani. Usiweke mkasi hapo hata siku moja. Ngozi ya paka ni nyembamba na inapanda ndani ya fundo kama hema, na unachodhani ni manyoya matupu kina ngozi katikati. Fundo lililofika kwenye ngozi linyolewe na daktari kwa mashine. Kama utamwogesha, mchane kwanza, kwa kuwa maji hukaza mafundo.

Kucha zikatwe kila baada ya wiki 2 au 3: bonyeza kidole itoke, kata ncha nyeupe tu, ukiacha milimita 2 kabla ya sehemu ya waridi yenye damu.

Joto

Koti la theluji halipendi Januari ya pwani. Hata hivyo usimnyoe mwili mzima kwa kumwonea huruma; sufi iliyochanwa vizuri inapitisha hewa. Mpe sakafu ya vigae, feni, kivuli, na mabakuli mawili au matatu ya maji mapana, mbali na chakula. Paka akihema mdomo wazi kama mbwa, hiyo ni dharura: lowesha miguu na tumbo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, umpeleke kwa daktari.

Chakula na choo

Dume wa kilo 7 aliyehasiwa na asiyetoka nje anahitaji takriban kilokalori 350 kwa siku. Chakula kikavu kingi kina kilokalori 350 hadi 400 kwa kila gramu 100, kwa hiyo kwa siku ale gramu 90 hadi 100 hivi. Soma pakiti, pima kwa mizani, gawa mara mbili au tatu. Ugali na dagaa peke yake havimtoshi. Anakua mpaka miaka 3 hadi 5, kwa hiyo wembamba wa ujanani si njaa. Mbavu zisionekane, ila uziguse kirahisi. Kumpima, simama kwenye mizani naye, kisha bila yeye, utoe.

Masanduku ya choo yanayouzwa mengi ni madogo kwake. Chukua kasha la plastiki la kuhifadhia nguo lenye urefu wa sentimita 75 hivi, kata mlango wa chini upande mmoja, ulainishe ukingo, jaza mchanga wa paka sentimita 5 hadi 7. Zoa kila siku. Dume akiingia, akijikamua na mkojo usitoke, usingoje kesho. Kuziba kwa njia ya mkojo kunaua.

Moyo

Aina hii ina ugonjwa wa kurithi unaonenepesha misuli ya moyo. Kasoro ya jeni yake mojawapo ilitambuliwa mwaka 2005 na inapimwa kwa ute wa shavuni. Kabla ya kununua, omba majibu ya wazazi wote wawili. Hata akiwa hana kasoro hiyo, moyo wake uangaliwe kwa mashine ya ultrasaundi, kwa kuwa kipimo cha jeni hakikamati kila hali.

Nyumbani, mhesabu pumzi akiwa amelala fofofo: kifua kupanda na kushuka ni moja. Zikivuka 30 kwa dakika, rudia baada ya saa moja. Zikibaki hapo, mpigie daktari. Miguu ya nyuma ikilegea ghafla na kuwa baridi, bonge la damu huenda limeziba mshipa, na maumivu yake ni makali.

Usimpe panadoli hata kipande, wala kumpaka dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini. Vyote viwili vinaua paka. Na siku ya kwenda kliniki, mtie kwenye kasha gumu linalofunguka juu, lenye taulo chini lisiteleze, ulibebe kwa kulikumbatia kutoka chini. Mpini peke yake usiuamini kwa kilo 8.