SOMO: Sera ya faragha kwa sisi wauza dagaa, mawese na vitenge mtandaoni hapa Kigoma

Wakuu, naandika hili mara moja. Sera ya faragha ni maandishi yanayomweleza mteja unachukua taarifa zake gani na unazifanyia nini. Kila wiki kuna mtu ananiomba "nitumie sera yako nibadilishe jina tu". Situmi. Sababu iko hatua ya pili.

Kwa wanaodhani ni mambo ya kampuni za Dar: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inahusu taarifa za mtu zilizorekodiwa kwa namna yoyote. Daftari lako la wadaiwa limo.

1. Soma sheria yenyewe na kanuni zake za 2023. Ipo kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna kisingizio.

2. Andika orodha ya taarifa zote unazochukua kwa wateja. Fanya hivyo KABLA ya kwenda kwa wakili. Kazi nyingi ninazoonyeshwa zimeharibikia hapa. Mtu anachukua sera ya duka la Marekani, anabandika jina la biashara yake juu, basi. Nimeona ya muuza migebuka wa Kibirizi inayowaahidi wakazi wa California haki zao, ina ukurasa mzima wa vidakuzi (cookies, yaani vijifaili ambavyo tovuti huweka kwenye simu ya anayeitembelea) wakati hana hata tovuti, anauzia WhatsApp. Lakini jambo analofanya kila siku, yaani kumpa karani wa basi jina na namba ya mteja, halimo kabisa! Sera ni maelezo ya unachofanya kweli. Ukiahidi usichofanya umejifunga mwenyewe, maana mteja akilalamika Tume, hayo maandishi yako ndiyo atakayoyashika mkononi.

Chukua karatasi, fuata oda moja tangu mteja anapokuandikia mpaka anapopokea mzigo. Anakupa nini? Jina, namba, mtaa, ujumbe wa muamala. Inakaa wapi? Kwenye simu yako, simu ya mdogo wako anayekusaidia, daftari, Google. Nani mwingine anaiona? Bodaboda, karani wa basi, anayepokea mzigo Dar. Unaitunza mpaka lini, na kwa nini? Hilo la mwisho wengi hawana jibu, na wakili hawezi kukubunia.

Angalizo: sheria inazihesabu taarifa za watoto, za afya na za miamala ya fedha ya mtu kuwa taarifa nyeti. Anayeuza sare za shule kwa oda na kuandika jina la mtoto na darasa lake, mwambie wakili mapema.

3. Tafuta wakili. Hakikisha ana leseni hai. Mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unaonyesha. Mpe orodha yako, na mkubaliane bei ya kazi nzima badala ya bei ya kila kikao.

4. Rasimu ikirudi, kagua kama inasema: wewe ni nani na unapatikana wapi, unachukua nini na kwa kusudi gani, unampa nani, unatunza muda gani, na mteja afanye nini akitaka kuona taarifa zake, kuzisahihisha, kuzifuta au kukuzuia usimtumie matangazo. Usipoielewa sentensi, irudishe. Mteja wako wa Mwandiga naye hataielewa.

5. Jisajili Tume kama mkusanyaji, yaani anayechukua taarifa za watu. Cheti kina muda wa miaka mitano. Sera peke yake haikusajili.

6. Iweke mteja anapoiona kabla hajatoa taarifa zake: kwenye wasifu wa WhatsApp Business, Instagram, au tovuti.

MASWALI

Kijana_Ujiji: Mkuu, hakuna programu ya kutengeneza sera bure? Nina haraka.
Jibu: Rudi hatua ya 2.

Kijana_Ujiji: Nimeuliza kistaarabu tu, kaka.
Jibu: Nami nimejibu kistaarabu. Programu haijui kama dagaa wako wanapanda basi au treni.

Mama_Mawese: Kaka yangu, shikamoo kwa kazi. Mimi nina wateja Bujumbura na binti mmoja yuko Ubelgiji, huwa anaagiza mawese apelekewe mama yake Kasulu. Huyo wa Ubelgiji ananiingiza kwenye sheria za Ulaya?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Sheria ya Ulaya, inayotumika tangu Mei 2018, inamgusa mfanyabiashara wa nje anayewalenga watu walioko kule: anatangaza kwao, anauza kwa yuro, anasafirisha mizigo huko. Mtu mmoja kukufikia kwa bahati yake si kumlenga. Ukianza matangazo ya kulipia kwa Watanzania wa Ubelgiji, hesabu inabadilika. Bujumbura weka kwenye orodha: ukimtumia wakala wa kule majina ya wateja, umesafirisha taarifa nje ya nchi, na sheria yetu ina sehemu nzima kuhusu hilo. Muulize wakili suala la kibali. Na kumbuka, huyo mama wa Kasulu naye ni mhusika, yaani mtu ambaye taarifa zake unazo, ingawa hajawahi kukuandikia.

Mzee_Katonga: Tangu lini kuuza dagaa kukahitaji wakili?
Jibu: Kuuza hakuhitaji, mzee wangu. Kutunza namba za watu mia tatu ndiko kunakohitaji utaratibu.

Dada_Vitenge: Mimi hubandika status picha za mazungumzo na wateja walioridhika, wenzangu wauone ushahidi. Nimekosea?
Jibu: Namba na picha ya mteja vinaonekana?

Dada_Vitenge: Vinaonekana 🙈
Jibu: Futa leo. Ukitaka kubandika, omba ruhusa kwanza, kisha ziba jina, namba na picha. Na kama una lile kundi la "Wateja Wetu" ambamo kila mtu anaona namba ya mwenzake, livunje. Tumia orodha ya kutumia wengi kwa pamoja (broadcast ya WhatsApp). Kila mtu anapokea peke yake.

Mama_Mawese: Na boksi la basi je? Tunaandika jina na namba kwa maka pen, kila abiria anasoma.
Jibu: Karani anahitaji namba ili apige simu, hilo halikwepeki. Andika jina moja na namba upande mmoja tu, si pande zote nne. Kilichomo na bei usiandike nje, viache kwenye risiti ndani ya boksi.