Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imeharibika baada ya kutengeneza breki? Bana mpira wa busta

Kama umebadilisha mwenyewe masta silinda (pampu ya mafuta ya breki) au busta (chombo kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kuongeza nguvu ya breki) na sasa injini ya petroli inatetemeka au mzunguko wake unapanda na kushuka, usikimbilie plagi. Washa gari likiwa limesimama, gia huru na hendibreki juu. Chukua koleo, zungushia kitambaa, kisha ubane ule mpira mnene unaotoka manifodi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) kwenda busta, karibu kabisa na manifodi. Sailensa ikitulia papo hapo, hewa inaingia mbele ya ulipobana, upande wa busta: klipu iliyolegea, valvu iliyo kwenye mpira huo, gasketi kati ya masta na busta (husahaulika sana!), au daiframu (utando ulio ndani ya busta). Kwenye gari lenye sensa inayopima hewa inayoingia (MAF), hiyo hewa haijapita kwenye sensa, hivyo kompyuta haijui iongeze mafuta kiasi gani. Kutofautisha, achia koleo ukanyage pedali: mlio wa hewa miguuni na injini kutaka kuzima huelekeza kwenye daiframu.

Kipimo hiki hakikusaidii pale mpira ulipopasuka kwenye chuchu ya manifodi (kijibomba unapochomekwa mpira), nyuma ya koleo. Bomba la plastiki ngumu usilibane, litavunjika. Lichomoe uzibe chuchu. Dizeli nyingi hutumia pampu ya vakyumu (mvuto wa hewa) badala ya manifodi, kwa hiyo matokeo hayatakuambia kitu. Na kama ulichomoa betri, huenda kompyuta inajifunza sailensa upya tu. Usiendeshe kamwe mpira ukiwa umebanwa: pedali itakuwa ngumu kama jiwe.